Chujio Linalong'aa la Bwana Afya

Wakazi wa Karatu, na ninyi wa Rhotia na Oldeani mnaojifanya jambo hili haliwahusu, tulieni mwelezwe. Habari hii ni ya mwaka 1983, mwaka ambao sabuni ilipatikana kwa kibali na sukari kwa bahati, nayo inamhusu mtu aliyekuwa msafi kuliko ninyi nyote. Mtajionea wenyewe usafi wake uliwafikisha wapi watu wa nyumbani kwake.

Asubuhi ilianza kwa amani. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka msitu wa kreta ukafunika mashamba, hata majogoo walikuwa wakiwika kwa kukisia. Leonida alikuwa jikoni, mwanawe Inosenti wa miezi minane mgongoni, akishughulikia kibuyu cha maziwa ya mgando. Alitia kijinga chenye kaa jekundu ndani ya kibuyu, akakitikisa, akasugua kuta zake kwa kijiti, akakung'uta majivu. Kisha akarudisha kikombe cha maziwa ya jana alichokuwa amekiweka kando kwa makusudi, na juu yake akamimina maziwa mapya. Mama yake alimfundisha hivyo tangu utotoni: kibuyu hakioshwi kwa sabuni wala kwa maji yanayochemka, kwa sababu kilichomo ndani ndicho kinachogandisha. Ukikiua, utakunywa uozo.

Kazi hiyo aliifanya nyuma ya gunia la ngano, amejificha kama mpika gongo. Mumewe alikuwa amepiga marufuku vibuyu katika tarafa nzima.

Mumewe huyo, Yohani Tluway, ndiye aliyekuwa Bwana Afya wa Tarafa ya Karatu. Mnamkumbuka. Alipita mitaani na kopo la rangi nyekundu na brashi, na kila nyumba aliyoiona chafu aliichora alama ya X mlangoni, kubwa, ya kuonekana kutoka barabarani. Bibi mmoja mjane alichorewa kwa kosa la kuku wake kutaga kitandani. Mzee Sulemani, mwenye duka la rejareja karibu na soko, alichorewa mara mbili, ya pili kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imeanza kufifia. Bwana Afya alikuwa akisalimiana na watu kwa mkono, kisha anatoa kitambaa chenye spiriti mfukoni na kujifuta mbele yao, polepole, wapate kujifunza.

Lakini kazi yake moja ilikuwa kazi kweli. Kila mwezi alitakiwa kupanda pikipiki ya serikali hadi Mbulu, kuchukua chanjo katika kisanduku cha barafu na kuzileta zahanati. Leonida alikuwa akihesabu siku. Inosenti angetimiza miezi tisa mwezi uliofuata, na miezi tisa ndiyo sindano ya surua. Kabla ya Inosenti alikuwa amemzaa mwingine, na huyo surua ilimchukua. Basi hakuna la kuongeza hapo.

Amani ya asubuhi ile ilivunjwa na honi ya lori.

"Mama Inosenti!" Bwana Afya aliita kutoka nje. "Vaa viatu! Tunakwenda Oldeani kwa yule mama wa Kijerumani. Anarudi kwao, anauza bahari."

"Anauza nini?"

"Bahari! Iko ndani ya kioo. Vaa viatu."

Huko Oldeani, sebuleni kwenye nyumba ya shamba la kahawa, Leonida aliiona. Lilikuwa tangi la kioo refu kama jeneza la mtu mzima, lenye maji ya chumvi yaliyoletwa kwa mapipa kutoka Tanga. Ndani mlikuwa na mawe ya matumbawe ya zambarau, vitu laini vilivyofumbua vidole kama maua ya nyama, na samaki kumi na wanne. Wawili walikuwa wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na walilala ndani ya vile vidole kama watoto kwenye blanketi. Hata Leonida, aliyekwenda kwa kuburutwa, alisahau kupumua kidogo.

Mzee Sulemani alikuwepo pia. Alizaliwa Tanga, na alikuwa amekuja kuinusa bahari tu kabla haijauzwa.

Yule mama alieleza kwamba machujio yalikuwa mawili, na mnunuzi achague moja. La kwanza lilikuwa mtungi wa chuma kilichong'aa, wenye mabomba, pamba na mkaa ndani, na taa ndogo ya kijani. Lilitaka umeme usiku na mchana bila kukatika. La pili lilikuwa sahani ya plastiki yenye matundu, ya kufukiwa chini ya changarawe, na kipampu cha hewa kinachoendeshwa kwa betri ya gari. Sahani ile ilikuwa imeota utelezi wa kahawia kama bomba la bafu la gesti.

"Hii nzuri," alisema mama wa Kijerumani, akigonga sahani. "Hii uchafu kidogo, lakini ndani iko wadudu wadogo sana, hapana onekana. Wao nakula mavi ya samaki. Hapana osha na maji moto. Hapana sabuni. Nakufa wadudu, nakufa samaki."

Leonida alielewa papo hapo. "Kumbe ni kama kibuyu cha maziwa," alisema.

Bwana Afya alimtazama mkewe kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Unasikia, Mzee Sulemani? Mke wangu ananishauri mambo ya vibuyu mbele ya wageni."

"Lakini kasema kweli, Bwana Afya," alijibu Mzee Sulemani. "Na tena Karatu umeme uko wapi? Betri unaipeleka kwa mwenye mashine ya kusaga, anakuchajia, wiki nzima umelala. Chukua hilo chafu."

"Wewe, mzee, ndiye wa kunifundisha usafi? Mlango wako nimeuchora mara ngapi?"

"Mara mbili. Na rangi yako mbaya, imeanza kubanduka."

Bwana Afya aliinama akajitazama sura yake katika ule mtungi wa chuma, akarekebisha kola, akasema, "Nachukua hili." Akalipa kwa mtamba wa Leonida, bila kumwuliza Leonida wala mtamba. Mzee Sulemani naye akaomba lile chafu na kitangi kidogo kilichokuwa stoo. Akapewa, na maji ya chumvi kidogo na jiwe moja la matumbawe juu yake. Samaki hakupewa. Alisema yanamtosha mapovu.

Msidhani Bwana Afya alipenda samaki, ndugu zangu. Hakuwahi kujua hata rangi zao. Alikuwa amesikia kwamba nafasi ya mkoani Arusha iko wazi, na hesabu aliyoipiga ilikuwa hii: mtu mwenye bahari sebuleni hawezi kuachwa aozee tarafani.

Basi bahari ikawekwa sebuleni, na nyuma ya jiko ikawekwa jenereta ndogo ya kuendesha chujio. Jenereta ilikunywa petroli kama mlevi aliyelipiwa. Petroli nayo, mnakumbuka, ilikuwa ya kibali, na kibali cha Bwana Afya kilikuwa cha jambo moja tu: pikipiki ya kuleta chanjo. Pikipiki ikafunikwa turubai. Kuku akataga juu ya tanki lake, na safari hii hakuna mlango uliochorwa.

Mwezi wa kwanza ukapita.

"Baba Inosenti, Mbulu unakwenda lini?"

"Barabara haipitiki. Nimekwisha kuwaandikia wilayani."

"Jana lori la maharage limetoka huko."

"Lori si pikipiki," alisema Bwana Afya, na akaendelea kupangusa kioo.

Kila Jumamosi alifanya ibada yake. Alifungua mtungi wa chuma, akatoa pamba na vile vipande vyote vya ndani, akavitia katika sufuria ya ugali ya Leonida na kuvichemsha dakika ishirini, kwa saa yake ya mkononi. Kisha akavisuuza kwa sabuni ya kibali, ile ambayo Leonida alikuwa ameisimamia foleni kutoka asubuhi hadi adhuhuri ili afulie nepi. Pamba ikitoka nyeupe kabisa, Bwana Afya aliiinua juu kama padre.

"Unaona, Mama Inosenti? Hakuna hata kijidudu kimoja kilichobaki hai."

"Naona," alisema Leonida. "Na samaki?"

Samaki walianza kwenda mmoja mmoja. Kila baada ya Jumamosi maji yaligeuka ukungu, na Jumatatu mmoja alikutwa ubavu juu. Bwana Afya aliamua kwamba tatizo ni uchafu, basi akaanza kuchemsha mara mbili kwa wiki. Samaki nao wakaanza kufa wawili wawili. Maua ya nyama yalifumba vidole yakawa kama kamasi. Lakini mtungi, hilo lazima likiriwe, uling'aa. Majirani walipokuja kutazama walivuliwa viatu mlangoni, wakanawishwa, wakapangwa mstari, na wakaonyeshwa kwanza chujio, ndipo samaki.

Mwezi wa pili ukapita, na wa tatu. Inosenti alitimiza miezi tisa, akatimiza kumi, akafikisha kumi na moja. Alijifunza kusimama kwa kushikilia tangi, akapigwa kofi la mkononi kwa kuacha alama za vidole.

Ndipo habari zikapanda kutoka vijiji vya chini, upande wa Ziwa Eyasi, kwamba surua imeingia. Mwajabu, binti yake Mzee Sulemani, ndiye aliyekuwa muuguzi wa zahanati. Alimwambia Leonida kisimani bila kuzunguka.

"Dada, friji yangu haina hata kichupa kimoja. Miezi mitatu. Ninamwambia shemeji, ananiambia barabara. Jana wameletwa watoto wanne wenye vipele, wawili macho hayafunguki. Huyo wako umeshampeleka popote?"

"Nimpeleke wapi? Baba yake ndiye chanjo."

"Basi mwambie baba yake afanye haraka," alisema Mwajabu. "Mimi nimechoka kusema."

Leonida alimkuta mumewe akipiga pasi mapazia ya sebuleni. Bwana Afya wa Wilaya alikuwa amekubali mwaliko: Jumatatu angekuja yeye mwenyewe na Katibu Tarafa, waione bahari.

"Yohani," alisema Leonida. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina tangu Inosenti azaliwe. "Surua iko Karatu. Chukua pikipiki leo."

"Leo ni Ijumaa. Jumatatu nina ugeni."

"Mtoto wako hana chanjo."

"Nikiimaliza petroli barabarani, chujio litazimika, na wageni watakuta nini? Maji machafu? Nyumbani kwa Bwana Afya? Hebu tumia akili. Jumanne nitakwenda. Surua haiingii nyumba safi."

Mmeyasikia hayo, wakazi wa Karatu? Mtu aliyesomeshwa kwa kodi zenu, mwenye cheti kilichowekwa kwenye fremu, alisema surua hupiga hodi kwanza na kuangalia sakafu. Na yule mtoto wao wa kwanza aliyechukuliwa na surua, alizikwa kutoka nyumba hiyohiyo.

Jumamosi asubuhi Bwana Afya alichemsha pamba yake kama kawaida, akairudisha, akawasha jenereta, na akaondoka kwenda shule ya msingi kuazima viti. Leonida alibaki sebuleni, Inosenti mgongoni, akitazama tangi. Samaki alikuwa amebaki mmoja, wa rangi ya chungwa, mwenzake alikufa Jumatano. Alikuwa juu kabisa ya maji, akifungua na kufunga mdomo. Nyuma yake chujio lilinguruma kwa heshima zote, taa ya kijani ikiwaka, likichuja maji yaliyobakiza samaki mmoja.

Leonida alikwenda nyuma ya jiko, ambako mumewe alikuwa amehifadhi akiba ya Jumatatu, dumu la petroli la lita ishirini, limejaa. Ile iliyokuwa tayari ndani ya jenereta hakuigusa. Aliliweka dumu kwenye toroli, akafunika kwa magunia. Kisha akarudi ndani, akachota maji ya tangi kwa chombo kilichokuwa karibu, na samaki akaingia. Chombo chenyewe kilikuwa kibuyu.

Dukani kwa Mzee Sulemani, nyuma ya kaunta, kitangi kidogo kilikuwa kikitoa mapovu juu ya betri ya gari. Changarawe yake ilikuwa ya kahawia na jiwe limeota majani. Pikipiki ya mzee mwenyewe ilikuwa imesimama kati ya magunia, kavu tangu Pasaka.

"Mzee, petroli hii hapa," alisema Leonida. "Nataka chanjo."

Mzee Sulemani alilitazama dumu, akamtazama yeye. "Mwanangu, mumeo atakuua."

"Hataniua. Ataogopa damu kwenye zulia. Nenda."

"Mwajabu!" aliita mzee. "Chukua kisanduku cha barafu na barua ya zahanati! Na funga kilemba vizuri, ni mbali. Kesho Jumapili, saa nane mchana vyombo vya moto vinazuiwa barabarani ili kubana petroli, kwa hiyo tukichelewa tumekwama." Akamgeukia Leonida. "Na hicho kibuyu cha nini?"

"Mgeni wako. Mtilie maji yako kidogo kidogo kwanza, asishtuke."

Baba na binti waliondoka kabla ya saa nne, Mwajabu nyuma, kisanduku mapajani, vumbi jekundu likiwafuata hadi kwenye kona.

Saa kumi alasiri jenereta ilikohoa mara tatu ikanyamaza. Bwana Afya alikuwa ndiyo kwanza anapanga viti. Alikwenda nyuma ya jiko, akarudi.

"Mama Inosenti. Petroli iko wapi?"

"Imekwenda kazini."

"Nani kaichukua?"

"Kazi yake. Kibali kimeandikwa chanjo, nimekisoma mwenyewe. Imekwenda Mbulu."

Bwana Afya alikaa kwenye kiti cha shule ya msingi, magoti yakamfika kidevuni. "Unajua umefanya nini? Unajua Jumatatu nani anakuja? Arusha, Leonida! Nilikuwa nakupeleka Arusha!"

"Mimi sikuomba Arusha," alisema Leonida. "Niliomba sindano moja."

Bwana Afya alizunguka mji mzima hadi jua linazama, akiomba petroli. Aligonga milango, na kila mlango aliogonga ulikuwa na X yake nyekundu. Watu walimpokea kwa adabu kubwa. Walimpa mkono, kisha wakajifuta.

Jumapili, baada ya ibada, foleni ya akina mama ilitoka zahanati hadi barabara kuu. Mwajabu alikuwa hajalala, vumbi la Mbulu bado liko kwenye nyusi zake, na alichoma sindano mpaka mkono ukafa ganzi. Inosenti alilia kwa sauti iliyomfurahisha kila aliyeisikia. Wiki tatu baadaye surua ilipita mtaa wao nyumba kwa nyumba, ikamruka.

Jumatatu wageni walifika, saa tatu na nusu. Bahari ilikuwa imekaa siku mbili bila samaki hai, bila chujio, na matumbawe yaliyokufa ndani. Ninyi mliokuwa sokoni siku ile mliisikia harufu mkadhani ni machinjio. Katibu Tarafa alifika mlangoni, akarudi garini kutafuta leso. Bwana Afya wa Wilaya aliingia hadi sebuleni. Alisimama mbele ya yale maji ya kijivu. Akautazama mtungi wa chuma uliong'aa, akaiona sura yake ndani yake.

"Tluway," alisema, "Jumamosi alikuja kwangu mzee wa duka na muuguzi, wamejaa vumbi kama wachimba kaburi. Wamekuta chanjo zako za miezi mitatu. Wewe uliniandikia barabara haipitiki."

"Mzee, barabara..."

"Nimekuja nayo asubuhi hii." Alitoka nje, akashusha pumzi. "Kopo lako la rangi liko wapi?"

Bwana Afya alilileta mwenyewe. Akashika kopo wakati mkubwa wake akichora, X nzuri, kubwa, mistari imenyooka. Majirani waliopita siku hiyo wote walisema hawajawahi kuona kazi safi kama ile.

Hakupelekwa Arusha. Alipelekwa Enguserosambu, mbali huko Umasaini, kusimamia chanjo za ng'ombe pamoja na za watu, kwa miguu. Wenyeji wake huko, wazee wawili, Moringe na Koinet, walimkaribisha kwa kibuyu cha maziwa. Inasemekana alikunywa. Leonida alibaki Karatu na mwanawe, na yule mama wa Kijerumani alipokuwa amekwisha kusahauliwa, watu bado waliingia dukani kwa Mzee Sulemani kununua chumvi na viberiti, wakakawia mbele ya kitangi kichafu. Ndani yake samaki mmoja wa rangi ya chungwa alizunguka jiwe lake, amenenepa.

FUNZO

Hadithi hii inatufundisha kwamba majivuno huvaa nguo nyingi, na mojawapo ni koti jeupe. Kabla hujaingiza chombo nyumbani mwako, usiulize kinang'aa kiasi gani. Uliza kinakula nini, na ni nani atakayenyimwa ili chombo hicho kishibe. Bwana Afya alichagua chujio alilojiona ndani yake, akalilisha petroli ya watoto wa tarafa nzima, na bado halikuweza kumlisha samaki mmoja.

Tena, anayejua kitu jikoni asidharauliwe sebuleni. Leonida alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza, pale Oldeani, kwa maneno sita, na mumewe aliona aibu kwa niaba yake.

Na wewe unayesoma hapa huku ukimcheka Bwana Afya, tazama kwanza kile ulichokificha wewe nyuma ya jiko ukiwangojea wageni. Kama kuna mtoto anayekihitaji leo, usisubiri mkeo atafute toroli.